Herufi Tatu kwenye Msuka: Kisa cha Kisu Kilichodhaniwa ni cha Mjerumani

Kisu chenyewe kina urefu wa sentimita 9 na nusu kikiwa kimekunjwa, ni kizito kuliko kinavyoonekana, na kwa zaidi ya miaka sabini kimekaa ndani ya kopo la biskuti pamoja na stakabadhi za kodi, vifungo vya koti na nishani moja ya shaba. Mwenye nacho ni mwalimu mstaafu wa Moshi aliyekirithi kwa marehemu baba yake, na siku aliponiletea alikuwa na swali moja tu: nani alikitengeneza? Hakuwa na nia ya kukiuza. Wajukuu wake walikuwa wanaandaa maelezo ya vitu vya ukoo, kila kitu na kikaratasi chake, na kwenye kikaratasi cha kisu walikuwa wameshaandika: «Kisu cha Mjerumani, vita vya 1914». Mzee alitaka kuhakikisha kabla wino haujakauka.

Madai hayo yalisimama juu ya mafiga matatu. La kwanza lilikuwa simulizi: baba yake mwalimu alikuwa akisema kisu hicho ni cha «vita vya Mjerumani», na kwa kuwa babu wa mwalimu alikuwa mpagazi wa jeshi la Waingereza walipoingia kupitia Taveta mwaka 1916, familia ilielewa kwamba babu alikiokota njiani, kikatoka kwake kikaenda kwa mwanawe. La pili lilikuwa herufi tatu zilizoonekana chini ya ubapa, GER, ambazo kila aliyeziona alizimalizia mwenyewe kuwa Germany, neno la Kiingereza la kuitaja Ujerumani. La tatu lilikuwa kauli ya mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, aliyekitupia jicho kisu hicho kwa muda usiozidi dakika moja, akasema ni cha Solingen, kisha akataja bei.

Naomba nikiri mapema kwamba figa hilo la tatu nililiongezea uzito mimi mwenyewe. Kabla ya kukiona kisu nilitumiwa picha yake kwa simu, nikaona GER, nikajibu kwamba inaelekea ni kazi ya Solingen. Jibu hilo lilikuwa la haraka na lilikuwa na makosa, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu ni maelezo ya jinsi nilivyolifuta.

Haikuwa ajabu kwamba sote tuliruka upande mmoja. Solingen, mji wa wahunzi wa visu magharibi mwa Ujerumani, una jina kubwa katika Afrika. Visu vya Okapi, vyenye mpini wa mbao na pete ya kufungulia, vilianza kutengenezwa huko mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni ya Ujerumani, mwaka mmoja tu baada ya mnyama mwenyewe aitwaye okapi, wa msitu wa Ituri huko Kongo, kutambuliwa na wanasayansi wa Ulaya, na uzalishaji wake haukuhamia Afrika Kusini hadi 1988. Mtu aliyekua akisikia kwamba kisu kizuri ni cha Mjerumani akiona GER haoni sababu ya kuendelea kutafuta.

Kilipofika mezani nilikitazama kwanza bila kukigusa. Upande mmoja wa mpini umefunikwa kibao cheusi chenye miraba midogo midogo iliyopangwa kama sukari guru iliyokatwakatwa, na upande wa pili una kibao kama hicho kilichopasuka karibu na ribiti ya katikati. Kwenye kichwa cha mpini kuna kitanzi cha shaba nyekundu cha kupitishia kamba. Kisu kina vyombo vitatu. Cha kwanza ni ubapa mpana ambao mgongo wake unainama ghafla kuelekea makali, hata ncha ikawa butu. Cha pili ni kifungua kopo chenye jino fupi. Cha tatu, kilicholala mgongoni mwa mpini, ni chuma kirefu chenye ncha, cha aina ambayo mabaharia hutumia kulegeza mafundo ya kamba. Upande usio na kitanzi, bamba la chuma la mpini limeachwa litokeze kidogo na kunyooshwa kama ncha ya bisibisi.

Mtu aliyezoea visu vya zamani angeanza kutia shaka hapo hapo. Kisu cha mfukoni cha raia mara nyingi kina ncha kali, kwa sababu raia anachoma na kutoboa matunda, ngozi na magunia; ubapa wenye ncha iliyoinamishwa ni wa mtu anayekata kamba akiwa katikati ya watu wengine na hatakiwi kumjeruhi wa pembeni. Ukiongeza kifungua kopo na chuma cha mafundo, unapata kisu cha askari au baharia, kilichoagizwa na serikali kwa kipimo maalumu. Hata hivyo umbo halitaji jina la mtengenezaji. Serikali inapoagiza visu, huagiza kwa makampuni mengi kwa wakati mmoja, na yote hufuata mchoro uleule.

Jina hukaa kwenye msuka, yaani kile kishina cha ubapa kinachoingia kwenye mpini na kuzungukia ribiti. Hapo ndipo fundi hupiga mhuri chuma kikiwa bado hakijafanywa kigumu kwa moto, na hapo ndipo watu huharibu ushahidi. Msuka wa kisu hiki ulikuwa umeharibiwa kwa namna mbili. Miaka mingi iliyopita mtu alikipeleka kwa mnoaji wa barabarani, na jiwe la mashine likapita juu ya sehemu ya kushoto ya maandishi na kuacha mikwaruzo iliyolala sambamba. Kilichobaki kilifunikwa na kutu nyekundu iliyochanganyika na mafuta yaliyoganda.

Mwalimu alikuwa amekuja na kipande cha msasa mfukoni. «Nilitaka kukisugua kidogo, mwanangu, ili usome vizuri.» Nilimwomba akirudishe mfukoni. Mhuri wa msuka una kina kidogo mno, pengine sehemu ya kumi ya milimita, na msasa hauchagui kati ya kutu na ukingo wa herufi. Tulitumia mafuta ya cherehani, tukayaacha yalale usiku kucha, kisha asubuhi tukapitisha mswaki laini na kijiti cha mwanzi kilichochongwa, bila chuma chochote. Kutu laini ilitoka na kuacha ule weusi uliotulia ambao chuma cha zamani hujitengenezea. Huo hatukuugusa, maana ndio unaojaza mashimo ya herufi na kuzifanya zisomeke.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya mwanga zaidi kuliko ya macho. Ukimulika tochi kutoka juu, msuka unang'aa wote na herufi zinapotea. Ukiilaza tochi karibu usawa wa meza, kila shimo dogo linapata kivuli chake. Tulizima taa ya chumba, mwalimu akashika tochi, mimi nikaweka lenzi ya fundi saa jichoni, na tukawa tunakizungusha kisu nyuzi chache kwa wakati. Mstari wa juu ulitoa, kutoka kushoto kwenda kulia, mkwaruzo mtupu, kisha kipinda ambacho kingeweza kuwa O au C, kisha D isiyo na shaka, kisha G, E, R zile tulizozijua, kisha S iliyobanwa ukingoni kabisa. Mstari wa chini yake ulitoa FIELD, na kati ya mistari hiyo miwili kulikuwa na alama ya «&» na nusu ya S.

DGERS na FIELD. Neno la pili halina utata mkubwa: ni Sheffield, mji wa chuma kaskazini mwa Uingereza, ambako chama cha mafundi visu wa eneo la Hallamshire kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624. La kwanza ni Rodgers. Ujerumani ilitoweka mezani, na mwalimu akanyamaza kwa muda.

Lakini nilitaka tuthibitishe kwa njia ambayo haitegemei macho yangu, kwa sababu macho hayohayo ndiyo yaliyosoma Ujerumani wiki moja kabla. Njia ilikuwa rula. Upana wa msuka ni milimita 15, na kila herufi pamoja na nafasi yake inachukua chini kidogo ya milimita 1. Kutoka ukingo wa kushoto wa G hadi mwisho wa msuka upande wa kulia kuna milimita 4 na nusu hivi. Neno la Kiingereza la Ujerumani lina herufi 7, kwa hiyo lingehitaji zaidi ya milimita 6, na herufi zake za mwisho zingelazimika kuandikwa hewani. Baada ya GER palikuwa na nafasi ya herufi moja tu, nayo ndiyo S. Kipimo hicho kingeweza kufanywa hata kwenye ile picha ya simu niliyotumiwa mwanzo. Sikukifanya.

Iko hoja nyingine ambayo ingetosha kunizuia kabla ya rula. Kwa nini Mjerumani aandike jina la nchi yake kwa Kiingereza kwenye kisu cha jeshi lake? Bidhaa za Ujerumani zilianza kubeba jina la nchi kwa Kiingereza hasa kwa shinikizo la wanunuzi wa nje: sheria ya Uingereza ya 1887 kuhusu chapa za bidhaa, iliyotungwa kwa sehemu kubwa kutokana na malalamiko ya mafundi wa Sheffield kwamba visu vya Solingen vinagongwa jina la mji wao, na sheria ya forodha ya Marekani ya 1890. Maandishi hayo ni ya kisu cha biashara kilichokusudiwa kuuzwa kwa wasemao Kiingereza. Kwenye mfuko wa askari wa Ujerumani aliyekuwa akirudi nyuma kutoka Taveta, kisu cha namna hiyo kingehitaji maelezo marefu ya jinsi kilivyofika.

Hata hivyo, kusoma Rodgers hakukumaliza kazi, ingawa wengi huishia hapo kwa furaha. Sheffield ilikuwa na zaidi ya Rodgers mmoja. Mkubwa ni Joseph Rodgers & Sons, kampuni iliyokuwa na makao yake nambari 6 Norfolk Street, iliyopata kibali cha kuhudumia ufalme mwaka 1822 chini ya George wa Nne, na iliyojionyesha ubingwa wake kwa kutengeneza kisu kimoja chenye bapa 1,822 kulingana na mwaka. Kampuni hiyohiyo ilisifika kwa maghala yake ya pembe za ndovu za kutengenezea mipini, na katika karne ya 19 sehemu ya pembe zilizofika masoko ya Ulaya zilipitia Zanzibar, mabegani mwa wapagazi kama babu wa mwalimu wetu, ingawa yeye alikuwa wa kizazi cha baadaye na alibeba mizigo ya namna nyingine. Rodgers wa pili ni William. Jina hilo lilikuwa chapa iliyomilikiwa na kampuni nyingine ya Sheffield, John Clarke & Son, na visu vyake vilibeba maneno ya Kiingereza yenye maana ya «najikatia njia». John Clarke nao walitengeneza visu vya jeshi. Kwa hiyo kisu cha askari chenye neno Rodgers na neno Sheffield kingeweza kutoka kwa yeyote kati ya hao wawili, na tofauti yake si ndogo kwa mtu anayeuliza jina la mtengenezaji.

Nilirudi kwenye rula. Herufi ya G iko kama robo tatu ya upana wa msuka. Kama mstari ungekuwa na neno Rodgers peke yake, G ingekaa katikati kabisa, kwa kuwa ni herufi ya nne kati ya saba. Kama lingetanguliwa na ufupisho wa herufi mbili, G ingesogea kulia kidogo tu. Ili ifike robo tatu, kushoto kwake lazima kulikuwa na jina refu la herufi sita au saba. Hapo hesabu ilitunyanyasa: Joseph lina sita, William likiandikwa kwa ukamilifu lina saba, na tofauti ya herufi moja kwenye chuma kilichokwanguliwa si kitu cha kuapia. Alama ya «&» na nusu ya S katikati ilisaidia zaidi, kwa sababu «na wanawe» ni sehemu ya jina la kampuni ya Joseph, na haina nafasi katika chapa ya William. Lakini nusu ya herufi ni nusu ya herufi.

Jibu lilitoka mahali ambapo hatukuwa tumepatazama. Mwalimu alipochoka kushika tochi aliilaza mezani, mwanga ukapiga ubapa wenyewe karibu na ule mfereji mdogo wa kuingizia ukucha, na juu ya msuka, mahali ambapo jiwe la mnoaji halikufika, vikaonekana vivuli viwili vidogo vilivyokaa pamoja. Kimoja kilikuwa nyota yenye pembe sita. Cha pili kilikuwa msalaba wenye mikono inayopanuka kuelekea nje na kugawanyika kwenye ncha, ule uitwao msalaba wa Malta.

Nyota na msalaba wa Malta ni chapa ya Joseph Rodgers & Sons. Iliandikishwa katika chama cha mafundi wa Sheffield mwaka 1682, ikaja mikononi mwa ukoo wa Rodgers mwaka 1764, na tangu hapo ilikuwa mali ambayo kampuni iliilinda mahakamani kuliko hata majengo yake. Hakuna Rodgers mwingine aliyekuwa na haki ya kuipiga.

Nimesema haki, sikusema uwezo. Chapa inayojulikana duniani kote huigwa duniani kote, na hii iliigwa sana. Kwa hiyo swali lililofuata lilikuwa kama kisu kizima kinakubaliana na kile msuka unachodai. Hapa alama ambayo familia ilikuwa ikiiita «mguu wa kuku» ndiyo iliyotufaa. Iko kwenye bamba la mpini: mistari mitatu inayokutana juu kama mshale ulioelekezwa angani. Ni mshale wa serikali ya Uingereza, ambao kwa karne nyingi ulipigwa kwenye kila kilichokuwa mali ya taji, kuanzia mizinga hadi mablanketi. Makoloni na madola yake yaliutumia kwa kuongeza herufi: wa Kanada huzungukwa na C, wa India huwa na I, wa Afrika Kusini huwa ndani ya U. Wetu hauna herufi, kwa hiyo kisu kilipokelewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Mwigaji wa sokoni analenga mnunuzi anayevutiwa na jina. Hana faida ya kugonga mshale wa serikali kwenye kisu cheusi kisicho na urembo, tena aupige mahali ambapo mkaguzi wa jeshi hupapiga.

Ikabaki tarehe, na tarehe ndiyo iliyokuwa na uzito kwa familia, kwa sababu kati ya 1916 na 1945 kuna tofauti ya baba na mwana.

Visu vya askari wa Uingereza vya vita ya kwanza vilikuwa na vyombo hivihivi vitatu, lakini vilikuwa vikubwa zaidi, na vikikunjwa vilijaza kiganja cha mtu mzima na kutokeza. Vibao vyake vilikuwa aghalabu vya pembe nyeusi au faiba iliyoshindiliwa. Katika vita ya pili kisu kilipunguzwa urefu, ile ncha ya bisibisi ikaongezwa kwenye bamba, na vibao vikawa vya plastiki nyeusi ya miraba. Kisu chetu kwa urefu na kwa bisibisi yake kimekaa upande wa pili bila kusukumwa. Kuhusu vibao, mwalimu aliamini ni pembe ya nyati. Pembe ina tabaka. Ukiitazama kwenye ufa utaona nyuzi zimelala kama kurasa za kitabu kilicholowa, na wadudu huila, kwa hiyo pembe ya miaka mia iliyokaa kwenye kopo mara nyingi ina vijishimo. Ufa wa kisu hiki ulikuwa laini ndani kama kioo cheusi, bila tabaka na bila shimo hata moja.

Wengine hupima kwa sindano ya moto. Sishauri hata kidogo, kwa sababu plastiki za zamani za jamii ya seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha, na mpini ukiungua hakuna chapa itakayobaki ya kusoma. Hapa haikuhitajika. Mwalimu alipofungua kopo la biskuti kunionyesha vitu vingine, ilitoka harufu niliyoifahamu mara moja, ya siki. Alidhani wajukuu waliwahi kumwaga achari humo. Harufu hiyo hutoka kwenye selulosi asetati, plastiki iliyotengenezwa kwa nyuzi za mimea na asidi ileile iliyomo ndani ya siki, ambayo ikizeeka hujivunja taratibu na kuirudisha asidi hewani. Filamu za zamani za sinema huoza kwa njia hiyohiyo. Pembe ya nyati haitoi harufu ya siki. Na mvuke huo ulieleza pia kwa nini kutu ilikuwa nyingi zaidi upande wa kibao kilichopasuka.

Mwisho, chini ya FIELD, baada ya usiku wa pili wa mafuta, zilijitokeza tarakimu 1, 9 na 4, na ya mwisho ikawa kipinda cha chini tu, ambacho kinaweza kuwa 0, 3 au 5. Kwa hiyo ni kisu cha miaka ya vita ya pili. Hakikuweza kuokotwa Taveta mwaka 1916.

Hapo ndipo lile figa la simulizi lilipogeuka badala ya kuanguka. Baba yake mwalimu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), katika vikosi vya Afrika Mashariki vilivyopelekwa Burma. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na malaria, wakafika mto Chindwin mwezi Desemba. Huko walipigana na Wajapani. Lakini kijijini vita hiyo nayo iliitwa kwa majina mengi: kwa wengine ni vita vya Hitla, kwa wengine ni Bama, yaani Burma, na kwa mtu aliyeandikishwa akiambiwa kwamba Mjerumani anataka kurudi kuitwaa Tanganyika, ni vita vya Mjerumani vilevile. Mzee huyo hakudanganya wala hakusahau. Wanawe ndio waliosikia «Mjerumani» wakarudi nyuma kizazi kizima.

Mwalimu alikuwa na pingamizi moja, na lilikuwa zuri. Ile nishani ya shaba ndani ya kopo ni nyota yenye pembe sita, Nyota ya Burma, yenye utepe wa buluu iliyokoza na mstari mwekundu katikati. Je, nyota ya kwenye kisu si ileile, na kisu hakikutolewa pamoja na nishani kama zawadi? Nilimwonyesha mambo mawili. Nishani ilianzishwa Mei 1945, ilhali nyota ya kwenye ubapa imekuwapo kwenye visu vya Rodgers tangu karne ya 18. Na nyota ya kisu haikai peke yake, ina msalaba ubavuni. Kufanana kwake ni bahati. Zaidi ya hayo, kisu cha namna hii hakikuwa zawadi. Kilikuwa kifaa cha kazi, askari alikabidhiwa pamoja na mkanda na bakuli la chakula, na kwa kanuni kilitakiwa kurudishwa. Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. «Basi baba hakukirudisha.»

Neno moja kuhusu maana ya mtengenezaji, kwa kuwa swali la mwalimu lilikuwa «nani» na si «kampuni gani». Kisu cha Sheffield hakikutoka mkononi mwa mtu mmoja. Mmoja alifua ubapa, mwingine aliunoa kwenye jiwe linalozunguka, mwingine aliunganisha bapa, kamani na vibao, na wengi wa mafundi hao walikuwa wamepanga chumba na jiwe lao wenyewe wakipokea kazi kutoka kampuni hii na ile. Chapa ya nyota na msalaba inataja aliyekubali kubeba lawama kisu kikivunjika. Majina ya mikono yenyewe hayakupigwa mhuri popote.

Tulikipaka kisu mafuta membamba, tukakifunga kwa kitambaa cha pamba, na tukakitoa ndani ya kopo ili siki isiendelee kula chuma, wala isiifikie nishani na zile stakabadhi. Ufa wa kibao hatukuuziba. Wajukuu waliandika kikaratasi kipya: «Joseph Rodgers & Sons, Sheffield, Uingereza. Kisu cha askari, miaka ya 1940. Cha babu, Keya, Bama.» Mwalimu alikisoma mara mbili, akakigeuza, na nyuma yake akaandika kwa penseli kwamba baba wa babu alibeba mizigo njia ya Taveta mwaka 1916, na kwamba yeye hakuachiwa kisu.